Fargo Mbele ya Watu wa Mbao: Uchambuzi wa Onyesho Moja la Mafinga

Kisa chenyewe kinaelezeka kwa maneno machache. Jumamosi moja ya mwezi wa Julai, mjini Mafinga, mkoani Iringa, wapasuaji mbao, mama lishe, walimu, madereva wa fuso na vijana wa bodaboda walijikunyata ndani ya makoti kwenye ukumbi mdogo, wakaangalia filamu ya Kimarekani ya mwaka 1996 iitwayo Fargo. Projekta ilikuwa ya kuazima, ukutani kumetundikwa shuka jeupe, na pembeni amekaa kijana mwenye maikrofoni akitafsiri papo kwa papo, kwa mtindo uleule wa mabanda ya video. Karibu nusu ya filamu ukumbi ulicheka bila kupumzika. Kisha umeme ukakatika. Jenereta ilipowashwa ikabeba projekta na spika moja ndogo, maikrofoni ikakosa pa kuchomekwa. Kijana ikabidi atafsiri kwa mdomo mtupu, maneno yaliyosemwa tu, bila nakshi. Kuanzia hapo watu walewale, mbele ya filamu ileile, wakaanza kucheka kwa namna nyingine: wachache wachache, kwa kuchelewa, wengine wameziba midomo, na zaidi ya mara moja cheko likaanza likakatika katikati.

Nadai kwamba Fargo yenyewe ilianza kuonekana baada ya umeme kukatika. Na sababu iko kwenye namna ilivyotengenezwa.

Kwa ambaye hajaiona: Jerry Lundegaard (William H. Macy) ni meneja mauzo kwenye kampuni ya magari ya baba mkwe wake huko Minneapolis. Amekopa dola 320,000 kwa kuweka dhamana magari ambayo hayapo duniani. Anawakodi wahuni wawili, Carl anayeongea mfululizo (Steve Buscemi) na Gaear asiyeongea (Peter Stormare), wamteke mkewe, Jean, ili baba mkwe, Wade, atoe kikombozi. Wahuni anawaambia ni dola 80,000, wagawane naye nusu kwa nusu. Mkwe yeye anaambiwa ni milioni moja. Mpango ni kwamba asiumie mtu. Filamu ina dakika 98, na inapokwisha wamekufa watu saba. Anayefuatilia ni Marge Gunderson, mkuu wa polisi wa mji mdogo wa Brainerd, mwenye mimba ya miezi saba. Frances McDormand alishinda Oscar kwa kuigiza nafasi hiyo, na ndugu wawili Joel na Ethan Coen, wazaliwa wa Minnesota, wakapata ya mswada.

Kabla hata ya picha ya kwanza, maandishi yanatokea kwenye kioo: kisa hiki ni cha kweli, kilitokea Minnesota mwaka 1987, majina yamebadilishwa kwa ombi la walionusurika, mengine yote yamesimuliwa kama yalivyotokea kwa heshima ya marehemu. Ni uongo. Kisa kimebuniwa, na mwishoni kabisa, kwenye majina ya washiriki ambayo hakuna mtu hubaki kuyasoma, limo tangazo la kawaida kwamba wahusika wote ni wa kutungwa. Wengi huuita huo utundu wa kina Coen na kuuacha hapo. Mimi naona ndiyo nguzo ya kwanza ya mtindo wao. Ukishaambiwa “kwa heshima ya marehemu” unakaa vizuri, unafunga mdomo, unaanza kuangalia kwa adabu ya msibani, na ni katika adabu hiyo ndipo wanaanza kukutekenya. Kijana wetu aliyatafsiri maandishi yale kwa sauti nzito ya taarifa ya habari. Hapo alipatia kabisa, na ukumbi ulinyamaza. Ila baada ya dakika mbili akawa ameshautangazia ruhusa ya kucheka.

Nisimwonee. Eneo la kwanza lililoukamata ukumbi lilikuwa la Jerry na mteja wa gari. Mteja amekubaliana bei, amekuja kuchukua gari lake, anakuta ameongezewa gharama ya dawa ya kukinga kutu ambayo alishaikataa. Jerry anasema ngoja nikaongee na bosi. Anaingia chumba cha pili, anapiga soga na mwenzake kuhusu tiketi za mechi, anarudi na uso wa mtu aliyepigana vita: bosi hajawahi kufanya hivi, lakini kwa hali yako maalumu tutakupunguzia dola mia. Mafinga nzima inaishi kwa mbao na udalali wa mbao. Hapakuwa na mtu mle ndani asiyewahi kuambiwa “ngoja nikaongee na bosi”. Kijana akachomekea: “Dalali ni dalali tu, awe Minneapolis, awe Kinyanambo!” Ukumbi ukapasuka. Cheko lile lilikuwa halali, maana lilikuwa limo tayari kwenye picha. Lakini lilifunika kilichofuata. Mteja, baba wa makamo mwenye mkewe pembeni, anamtukana Jerry. Analitoa tusi polepole, kwa shida, akionekana kujionea haya yeye mwenyewe kuliko anavyomkasirikia mwizi wake. Kamera haisogei, muziki hakuna. Kwenye nchi ile ya kwenye filamu adabu ni nzito kiasi kwamba kuibiwa ni jambo dogo, kutukana ndiyo aibu. Mtu wa nyanda hizi, anayesalimia “kamwene” na kuulizia watoto na mvua kabla hajafika kwenye deni analodai, angelielewa tusi lile bila msaada wa mtu. Hatukulisikia.

Adabu ndiyo injini ya kuchekesha humu. Kila mtu ana tabasamu, kila mtu anaitikia “ndiyo, ndiyo”, kila mtu anauliza kama umeshakula. Wahuni wawili wanabishana ndani ya gari kuhusu kukosa adabu ya kuongea: Carl analalamika kwamba mwenzake hajasema kitu safari nzima. Marge anaamshwa usiku kwa habari ya watu watatu waliouawa barabarani, na mumewe, Norm, anasisitiza amkaangie mayai kwanza. Anafika kwenye maiti, anainama, msaidizi wake anadhani ameona ushahidi, kumbe ni kichefuchefu cha mimba. Kikipita anasema ana njaa tena. Yule msaidizi ameshindwa kung'amua kwamba herufi alizozikuta kwenye daftari la marehemu zinamaanisha gari lenye namba za muuzaji, lisilosajiliwa bado. Marge anamsahihisha kwa upole wa ajabu. Kijana wetu akatafsiri: “Samahani mdogo wangu, hapo sijakuelewa vizuri.” Ni tafsiri bora kuliko zote alizotoa siku ile. Hakuongeza kitu. Alitafuta tu jinsi mkubwa wa kwetu anavyomwambia mdogo wake kwamba amekosea bila kumvua nguo mbele ya watu, akaipata.

Sasa utekaji. Jean amekaa anafuma sweta mbele ya televisheni asubuhi, anamwona mtu mwenye kinyago na mtaimbo anachungulia kupitia mlango wa kioo. Anamtazama kwa muda wa kutosha kabisa mtazamaji kujiuliza kwa nini hakimbii. Wakishaingia anamng'ata Gaear mkono. Gaear anaacha kila kitu na kwenda bafuni kutafuta dawa ya kupaka. Jean amejificha nyuma ya pazia la bafu. Anatoka mbio akiwa amejiviringisha humo, haoni mbele, anaanguka ngazi zote hadi chini, anatulia. Kijana: “Bibi harusi huyo, shela limemzidi!” Watu wakapiga makofi.

Hapa lazima niwe mwangalifu, kwa sababu kina Coen wenyewe wamelipanga eneo hilo kwa kanuni za vichekesho vya kuanguka. Dawa ya kidonda, pazia, ngazi: wamekusudia ucheke. Lakini ngazi zinapokwisha kamera inakaa pale chini kwa mwanamke asiyejitikisa, na lile cheko unabaki nalo mkononi hujui uliweke wapi. Kucheka, kisha kunyang'anywa cheko: huo ndio ufundi wao. Kijana alitoa nusu ya kwanza akaifuta ya pili, maana alikuwa bado anaongea.

Gharama yake ilionekana mbele kidogo. Wahuni wanafika kwenye nyumba ya ziwani porini. Jean ameshushwa kwenye gari, mikono imefungwa, kichwani amefunikwa, haoni. Anakimbia hovyo kwenye theluji, anazunguka, anajikwaa, anaanguka. Carl anacheka. Anacheka sana, cheko la mtu anayeburudika kweli, na Gaear anatazama tu. Ni sekunde chache zilizopimwa kwa ukatili, kwa sababu mle ndani ya picha anayecheka ni mtekaji, na wewe umeshawahi kucheka Jean alipoanguka ngazi. Eneo linakuuliza uko upande gani. Kijana akacheka na Carl kwenye maikrofoni, na ukumbi mzima ukacheka nao. Hakuna aliyeulizwa kitu.

Haya yote yanaeleweka vizuri ukikumbuka watani msibani. Wahehe na Wangoni walipigana vikali karne ya 19; leo ni watani, na kwenye mazishi mtani ana kazi yake. Atazuia jeneza mpaka alipwe, ataigiza mwendo wa marehemu, atatangaza kwamba jamaa amekufa makusudi kukwepa deni. Wafiwa wanacheka machozi yakiwa bado mashavuni, na hakuna anayeruhusiwa kununa. Kwa hiyo yeyote anayesema watu wetu hawazoei kuchekea kifo hajawahi kuzika Iringa. Ila cheko la msibani lina mdhamini. Mtani anajulikana, anatoka ukoo unaojulikana, aibu yote anaibeba yeye. Wewe uliyecheka uko salama. Kijana mwenye maikrofoni alikuwa mtani wetu. Alisimama kati yetu na maiti akasema chekeni, ni juu yangu.

Fargo imetengenezwa mahsusi bila mtani. Hakuna muziki wa kukonyeza: Carter Burwell alichukua wimbo wa kale wa kidini wa Norway kuhusu kondoo aliyepotea, akaupanua uwe mzito na wa kifahari, akauweka juu ya gari linalovuta gari jingine kwenye theluji. Hakuna mwigizaji anayejua kwamba anachekesha. Kamera ya Roger Deakins inakaa mbali na kutulia. Jerry akishanyang'anywa na mkwe wake dili la maegesho alilolitegemea, tunamwona kutoka juu, kidoa kwenye uwanja mweupe, akitembea kwenda kwenye gari lake. Anakwangua barafu kwenye kioo. Ghafla hasira zinampanda, anapigapiga, anatupa kikwangulio. Anatulia. Anakiokota, anaendelea kukwangua. Ukicheka hapo, umecheka mwenyewe, na hakuna wa kumsingizia.

Mfano mwingine wa ufundi huo ulitupita kabisa. Jerry anarudi nyumbani baada ya utekaji, tunaona vitu vimevurugwa na kusikia sauti yake ikimwambia mkwe kwa kutetemeka kwamba Jean amechukuliwa. Kisha anarudia maneno yaleyale kwa kubadilisha kidogo. Ndipo tunagundua kwamba simu hajapiga, anafanya mazoezi. Kijana aliwahi kutangaza “Kumbe anajaribu tu!” kabla ukumbi haujagundua wenyewe. Utamu wote wa pale ni zile sekunde tatu nne za kumwonea huruma mtu asiyestahili.

Basi umeme ukakatika, jenereta likawashwa nje, na tukarudi. Hasara tuliyopata ni muziki, spika ile ndogo iliuua. Mengine yote yalikuwa faida.

Nalipita haraka eneo la Marge kukutana na Mike Yanagita, mtu aliyesoma naye, anayemlilia na kumdanganya kuhusu mke aliyekufa. Ukumbi uliboreka, nyuma wakaanza kuulizana bei ya mbao. Wachambuzi hupenda kulitetea kwa hoja kwamba Marge akigundua kuwa Mike alidanganya ndipo anarudi kumhoji Jerry upya. Filamu hailisemi hilo, inaweka matukio mawili jirani na kukuachia. Naikubali hoja, ingawa naelewa pia waliopiga miayo.

Kilichonishangaza ni uzio. Wade ameshauawa, Carl amepigwa risasi ya taya, uso umevimba na kulowa damu, na amegundua kwamba mkobani kuna milioni nzima badala ya 80,000. Anatoa sehemu ya kwenda kugawana, iliyobaki anaifukia kwenye theluji kando ya uzio wa waya. Anatazama kushoto: nguzo, nguzo, nguzo hadi macho yanapoishia. Anatazama kulia: vilevile. Anachomeka kikwangulio kidogo cha barafu kuwa alama. Hakuna neno linalosemwa, kijana hakuwa na cha kutafsiri. Cheko lilianza taratibu kona ya kushoto, kwa wanaume wanaofanya kazi kwenye msitu wa Sao Hill, ambako mipaini imepandwa kwa mistari, kila mstari pacha wa mwenzake, na mtu mgeni akiacha panga lake asahau kulipata. Wao walijua kabla yetu kwamba hela imekwenda. Likasambaa kiti kwa kiti, watu wakieleweshana kwa kunong'ona. Hilo ndilo cheko la filamu hii.

Kisha ikaja mashine. Naamini hakuna ukumbi ulioiangalia kwa macho yale. Gaear amemuua Carl kwa shoka kwa sababu ya ugomvi wa nani abaki na gari. Marge anafika peke yake, anasikia ngurumo nyuma ya nyumba. Gaear yuko kwenye mashine ya kukatakata matawi, anasukuma kitu kwa gogo, theluji mbele yake imekuwa nyekundu. Kwa watu wa Mafinga swali la kwanza lilikuwa la kitaalamu. Mzee mmoja mwenye dingdong yake, mashine ya kupasua mbao, akasema kwa sauti, akisikitika kweli, “Hailishwi hivyo hiyo.” Wenzake wakacheka, na sidhani kama alikusudia kuchekesha. Marge anapiga kelele kwamba ni polisi. Gaear hasikii, mashine inanguruma. Anapiga kelele tena. Hasikii. Mwishowe anainua mkono na kuonyesha beji iliyo kwenye kofia yake. Pale cheko lililipuka hasa, kwa maana kila aliyefanya kazi kwenye mashine ya kupasua mbao anajua kwamba huko watu huongea kwa mikono. Walimwona mama wa watu, mjamzito, akitoa ishara ya kazini kwa muuaji. Na wakiwa bado wanacheka macho yao yakashuka kwenye kile kinachosukumwa, mguu wenye soksi nyeupe.

Mama mmoja mbele yangu alisema “Yesu wangu”, akacheka tena, akaziba mdomo. Naweza kueleza mbinu iliyofanya kazi pale: wakurugenzi wamekupa kwanza tatizo dogo la kawaida, kelele, wakakuacha ulishughulikie, huku jambo kubwa likiwa wazi muda wote ndani ya fremu hiyohiyo. Hawakuficha chochote. Kelele ndiyo ilikuwa mtego. Mwenye maikrofoni angetupa taarifa ya mguu mapema, na mama yule asingecheka mara ya pili.

Kwenye gari, Gaear akiwa nyuma ya wavu, Marge anahesabu waliokufa na kuuliza ilikuwa kwa ajili ya nini. Kwa hela kidogo tu. Anasema haelewi. Kijana alitafsiri kwa sauti ya chini na kwa mara ya kwanza hakumtazama mtu. Wengi huchukua maneno hayo kuwa funzo la filamu. Mimi nasita. Marge ni mwema na ndiye mwerevu kuliko wote, lakini kina Coen wamemweka nyuma ya usukani, akiongea na kioo, na aliyeko nyuma anatazama nje dirishani. Kutoelewa kwake kunampendeza, na kunachekesha kidogo pia. Tulipobishana baadaye, mwalimu mmoja wa kike alinikatalia kabisa: mtu aliyetoka kushika maiti akaweza kusema siku ni nzuri, akasema, hachekwi.

Ila kina mama walikuwa na lalamiko jingine, na hilo sina jibu lake. Jean. Anapiga kelele, anaanguka, anakimbia, anauawa nje ya fremu. Gaear anaeleza kwa neno moja mbili kwamba alikuwa anapiga kelele, na filamu inaendelea. Hata Mike wa uongo amepewa muda wa kulia. Jerry amepewa kioo cha kukwangua. Mwanamke ambaye kisa kizima kinamzunguka hajapewa hata sentensi moja tukamjua. Mtu anaweza kusema ndiyo ukatili wenyewe unaoonyeshwa, kwamba hata sisi tumemsahau. Naona huo ni utetezi rahisi mno. Filamu inayopima cheko kwa sekunde namna hii ingeweza kumpimia naye.

Filamu inaishia kitandani. Norm ameshinda shindano la kuchora bata kwenye stempu, japo ni ile ya senti tatu, na Marge anamfariji kwamba bei ya posta ikipanda watu huzihitaji hizo ndogo. Miezi miwili mtoto atazaliwa. Taa zikawashwa, jenereta bado linanguruma, na swali la kwanza likatoka kwa mama lishe aliyekuwa amenyamaza muda wote: Scotty, mtoto wa Jerry na Jean, nani amemchukua? Mama kauawa, babu kauawa, baba kakamatwa motelini akijaribu kutokea dirishani. Kwetu kikao cha ukoo kingekaa kabla matanga hayajavunjwa. Watu wakamgeukia kijana, kana kwamba yeye ndiye mwenye filamu.

“Mama, ngoja nikaongee na bosi,” akasema.